Macho Makavu Matangani

Nangila anashona sare za shule karibu nami hapa Tuwan, Kitale, na kabla hujamzoea utadhani ana maringo. Hapeani mkono. Ukimsalimu, anatazama kifungo cha shati lako. Redio ikipandishwa sauti, anatoka kusimama juani mpaka ipunguzwe. Lakini nikiugua ndiye huja, hunipikia uji, huketi bila neno, huondoka. Mimi Mwihaki, ninayepiga gumzo hata na cherehani, nilimpenda hivyo hivyo.

Mwaka jana vijana wa utafiti walipita mtaani wakitafuta watu wa kawaida, si wagonjwa. Tukaenda wote wawili. Walituvalisha kofia za nyaya za kupima ubongo, wakatuuliza maswali: kelele zinakusumbua? Umati unakuchosha? Dada aliyetupima alieleza kwamba tabia za usonji hazimo kwa wenye usonji peke yao. Ziko kwa watu wote, huyu kijiko, yule gorogoro, mkebe mzima wa kupimia mahindi, na wao walitaka kujua kama zinafuatana na jinsi sehemu za ubongo zinavyowasiliana. Nangila akamwuliza majibu yake yeye yakoje. Dada akacheka, akasema yako upande wa gorogoro, na kwamba huo si ugonjwa. Nangila alitabasamu njia nzima.

Basi Aprili hii Wabwile, shemeji yake, akafa ghafla kwao Bungoma. Nangila ni mjane. Mumewe, kaka ya Wabwile, alishatangulia. Hakutaka kwenda peke yake, nikamsindikiza.

Kule matangani watu hulia kwa sauti tangu langoni. Nangila aliingia kimya, akaipita mikono iliyonyooshwa, akajibanza jikoni, macho makavu, vidole masikioni, maana spika ilikuwa inanguruma. Nikaona vichwa vikigeuka. Wanjala, kitinda mimba wa boma hilo, akasimama nje ya dirisha na hakujisumbua kunong'ona.

"Huyu halii kwa nini? Ndugu zangu wawili sasa, na yeye yuko tu. Ati anaziba masikio asisikie jina la maiti."

Nangila alishaniambia: ng'ambo ya mto wa hapo, msimu uliopita, bibi mmoja hakulia kwenye mazishi. Wakasema ni mchawi, wakamchomea nyumba naye akiwa ndani, na hadi leo hakuna aliyeona kitu.

"Waambie ile ya kofia," nikamwambia Nangila.

"Nikisema ubongo, watasema wazimu. Nikinyamaza, watasema uchawi. Mwihaki, naogopa."

Mimi nami niliogopa, tena vibaya. Nilichungulia njia ya kutokea nikakuta vijana wamemzunguka Wanjala pale langoni, na hawakuwa wakizungumzia mahindi.

Ndipo Mama Peris, mama mkwe wake, akaingia na kufunga mlango. Huyu ndiye mama wa marehemu, na kilio chake kinajulikana hata vijiji vya mbali. Nikasema moyoni, kwisha sisi.

"Nangila, sikia," akasema polepole. "Tukifika kaburini usimtazame mtu. Jaza pumzi tumboni, fungua mdomo, toa sauti ndefu, jina lake liwe katikati. Usingoje machozi. Mimi huwa siyangoji."

"Mama, si wewe hulia kweli kweli?"

"Hizo kelele zinanipasua kichwa tangu nikiwa msichana. Lakini niliona walichomfanyia shangazi yangu kwa sababu ya kunyamaza. Nikajifunza." Akarudi kuhakikisha komeo la mlango limeshika. "Wabwile ni mtoto wangu. Nitamlilia mkishaenda wote, nikibaki na kuku."

Nangila akainuka. Hawakukumbatiana, hata kugusana. Walitoka nje wakiwa wamefuatana, na kule kaburini Mama Peris akaanza, Nangila akadakia, jina la Wabwile katikati, sauti mbili zikapanda hadi watu wote wakawafuata.

Wanjala alifuta macho, akasogea kumpisha Nangila mbele. Vijana wake wakatawanyika. Mwanamke mmoja kando yangu akasema, eh, hawa wanampenda kweli. Walimpenda, sibishi. Lakini nilikuwa nimesimama karibu, na nilichosikia kwenye zile sauti kilikuwa hofu tupu.