Mlango wa Benchi na Kocha Stipe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, ufunguo na rundo la jezi zinazonuka jasho la wanaume wazima. Ukumbi wa mpira uko Laurel, huku Marekani, nyuma ya maghala, na mimi nilikuwa nakaa Langley Park kwa mwanangu. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Meneja wa ukumbi, mtu mrefu asiyependa maneno, alinionyesha mashine za kufulia akaenda zake. Nilikuwa nimetoka Singida mwaka uleule, nina darasa la nne na Kiingereza cha salamu. Vijana mnaosoma haya, msinionee huruma. Kufua nilijua kuliko yeye.

Mpira wa ukumbini si ule mnaouangalia kwenye televisheni. Uwanja ni mdogo, umetandikwa zulia la nyasi bandia, na pande zote kuna ukuta wa mbao unaofika kifuani. Mpira ukigonga ukuta haujatoka, unarudi na mchezo unaendelea. Timu ni watu sita pamoja na kipa, na wanakimbia mpaka mapafu yanawaka, ndiyo maana wanabadilishwa kila dakika mbili hivi, tena mpira ukiwa unachezwa, refa hapulizi filimbi. Muda huo mfupi wa mtu kuwa ndani tuliuita zamu. Anayetoka anapita kwenye mlango mdogo ukutani, ndipo mwenzake anaingia. Mlango ukichelewa, mmepungukiwa mtu. Ukiwahi, mmezidi, na mmoja wenu anakwenda kukaa kwenye kibanda cha adhabu dakika mbili. Kwa hiyo mlango lazima uwe na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa mimi. Hakuna aliyeniteua. Siku moja mfungua mlango aliugua mafua, na mimi nilikuwa nimesimama pale na taulo. Nilishika komeo, sikuliachia miaka kumi na sita.

Stipe alikuja msimu wangu wa pili, beki kutoka Kroatia, mtu wa Split, shingo kama gogo. Kwao pia alicheza ukumbini, lakini huko hawana ukuta. Mpira ukitoka umetoka. Wiki ya kwanza mpira ulimrudia mgongoni mpaka wenzake wakawa wanakaa chini kwa kicheko. Mkenya mmoja alimwambia ukuta nao ni mchezaji, awe anausalimia. Stipe hakucheka. Kila baada ya mazoezi alibaki peke yake, anapiga mpira ukutani na kuupokea, pembe hii, pembe ile, hadi nimalize kufua na kukunja. Msimu ulipoisha alikuwa anampasia ukuta kama anavyompasia ndugu yake.

Wakenya waliniita mathe, Wakongo wakaniita maman, yote ni mama, Stipe akaniita baba. Nilimkaripia. Kumbe kwao baba ni bibi. Nikamwacha.

Kasoro yake ilikuwa moja, hakubali kutoka. Mimi pale mlangoni nilikuwa natazama visigino. Mtu aliyeisha, kisigino kinaanza kuburuta zulia kabla mwenyewe hajajua kwamba ameisha. Nikikiona, nafungua na kumwita. Stipe alinitukana kwa lugha yao, nami nikamjibu kwa Kinyaturu, tukawa sawa. Kocha mkuu wa wakati ule, mzee mwenye filimbi asiyoipuliza, alimwambia mbele ya wote, "Yule mama anaona. Akifungua, toka." Tangu siku hiyo akawa anatoka.

Goti lake lilipokwisha, alifanywa kocha msaidizi, na yule mzee alipostaafu, Stipe akawa kocha mkuu. Alikuwa mkali. Zamu alizikata zikawa dakika moja na nusu, akiwaambia wachezaji watoke wakiwa bado na pumzi ya kurudi kuzuia. Watu walimsifu kwa akili ile. Mimi najua alikoitoa.

Mwaka huohuo akaja mkurugenzi mpya, kijana wa suti na viatu visivyo na vumbi. Alinikuta kwenye benchi na kanga yangu kiunoni, akaniangalia kama ndoo iliyosahauliwa. Siku ya tatu Stipe akaja chumba cha kufulia. Hakunitazama, alitazama mashine.

"Baba, mkurugenzi anasema ni kanuni ya ligi. Benchi ni watu wenye leseni ya ukocha tu. Wewe utabaki na jezi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ukocha nimepewa juzi tu."

"Sijakuuliza umepewa nini."

Akageukia mlango. Nikamwambia, "Stipe, nimevitazama visigino vyako miaka saba. Nenda, nina kazi."

Nililia? Sikulia. Nilimwomba meneja kitabu cha kanuni, nikakipeleka kwa jirani yangu, Mwalimu Curtis, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu, na Kiswahili chake kimepigwa pasi kuliko changu. Alikisoma wiki nzima. Jumapili akaja.

"Shikamoo, bibi. Leseni imetajwa kwa kocha mkuu pekee. Kuhusu wahudumu wa benchi, idadi yao imetajwa, bali sifa zao hazikutajwa."

"Sema Kiswahili cha watu, Curtis."

"Mkurugenzi amekudanganya."

Jumatatu niliingia ofisini kwa mkurugenzi, nikaweka kitabu mezani. Kwa Kiingereza changu cha benchi nikasema neno moja, nionyeshe. Akasema ana kikao. Nikavuta kiti nikakaa. Stipe alikuwa amesimama dirishani na karatasi zake, na nilijua akisema neno baya kazi yake inaondoka pamoja na yangu. Alizipanga na kuzipanga upya mpaka nikaanza kumchukia. Kisha akazikunja zile karatasi.

"Na mimi nataka kuona," akasema.

Mkurugenzi alifunua kurasa, akafunua, mwisho akasema si kanuni hasa, ni sura ya timu, kuna kamera siku hizi.

"Basi sema sura," nikamwambia. "Usiseme kanuni."

Stipe akamalizia kwamba benchi ni lake na mlango ni wangu. Jumamosi nilikuwa kwenye komeo, na kanga nyekundu zaidi.

Nilikaa misimu saba mingine. Halafu, katika mechi ya nusu fainali, nikaona kisigino cha namba nne kimefika mlangoni. Nikafungua, mwenzake akaingia. Hakikuwa kimefika. Tukawa saba uwanjani, filimbi ikalia, tukaadhibiwa, tukafungwa, tukatolewa. Stipe aliwaambia waandishi kwamba kosa ni lake. Kesho yake nilimpelekea ufunguo.

"Kosa moja tu, baba. Kila mtu hukosea."

"Sikukosea, mwanangu. Sikuona. Hayo ni mambo mawili."

Alinisihi nibaki hata kwa jezi. Nikakataa. Yeye bado anafundisha, na kila anayempa mlango anamwambia atazame miguu, asitazame mpira.

Wajukuu wananiuliza kwa Kiingereza chao kama nilifukuzwa. Nawajibu kwa Kiswahili, na wanaelewa vizuri sana. Aliyetaka kunifukuza alishindwa, kitabu cha kanuni kikiwa mezani pake. Mimi niliona kwamba sioni, nikatoka.