Maneno ya Kaburi la Diwani

Saa moja asubuhi, ukungu wa Songea bado haujaamua kuondoka. Benigna Mapunda amepiga magoti mbele ya kaburi la aliyekuwa diwani, mwiko mkono wa kushoto, msumari wa inchi sita mkono wa kulia. Saruji ameipiga sasa hivi. Ana kama saa moja ya kuandika. Baada ya hapo itakuwa imekauka na neno lake.

"Saruji haina kifutio, mwanangu," anamwambia mwandishi aliyesimama kando.

Mfukoni ana karatasi aliyopewa na mjane, Mama Lidwina: "Thadei Luambano, Baba wa Wanyonge." Jina ameshaliandika, herufi zimenyooka vizuri. Maneno matatu ya mwisho ndiyo yamemkwama.

Benigna, mwenye umri wa miaka 54, mkazi wa Msamala, amekuwa fundi wa makaburi kwa miaka kumi na moja. Kaburi moja humwachia shilingi elfu sitini, na kuna miezi hapati hata moja. Zamani alikuwa mama lishe sokoni, mpaka diwani huyuhuyu aliposimamia vibanda vikavunjwa.

"Niliokota sufuria moja tu, nayo imebonyea," anakumbuka. Fundi wa makaburi aliyekuwa mteja wake wa chai ndiye aliyempa mwiko na kumfundisha kazi hii.

Lakini ni diwani huyohuyo aliyehangaika hadi bomba la maji likafika mtaani kwao. Kabla ya hapo, Benigna aliteka maji bondeni akiwa na mimba ya miezi minane. Mtu wa namna hiyo huwezi kumsifu ukamaliza, wala kumlaani ukamaliza.

Mtaa nao haujamaliza. Siku ya mazishi, mtani wa marehemu alilala chali mbele ya jeneza: hapiti mtu hapa mpaka nirudishiwe kibanda changu! Waombolezaji walicheka huku wakilia. Mtani ana ruhusa yake. Fundi wa kaburi hana.

Mama Lidwina anafika, khanga imelowa umande.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umeishia kwenye jina?"

Benigna anaweka mwiko chini. Akikataa, kazi itakwenda kwa fundi mwingine, na mwezi huu hana nyingine.

"Mama, mnyonge mwenyewe ndiye mimi. Alinivunjia. Nikiandika hivyo nitakuwa nimesema uongo mbele yake, naye hawezi kunijibu."

"Sasa utaandika nini?"

"Kwamba alituletea maji. Hilo hata kanisani naliapia."

Mjane anaigusa saruji kwa kidole. Saruji inaanza kushika.

"Haya, andika."

Benigna anaandika: ALITULETEA MAJI. Anapotaka kuinuka, Mama Lidwina ananyoosha mkono, anaomba msumari. Anapiga magoti kwa taabu na kuchora chini yake, herufi zimekwenda upande: NA VIBANDA ALIVUNJA.

"Nilimwambia asivunje," anasema. "Hakunisikia. Leo hana kikao cha kukimbilia, atanisikia."

Benigna anafuta macho kwa mkono wenye saruji. Herufi za mjane anaziacha zilivyo, ingawa muda wa kuzinyoosha upo.

Mwakani anataka kurudia biashara ya chai, ajenge jiko kando ya karakana anakotunza vifaa vyake. Na kaburi lake mwenyewe, atataka liandikwe nini?

"Mimi waniandikie jina tu," anasema akiosha mwiko. "Halafu saruji ikiwa bado mbichi, wawape majirani msumari."