Mkwe Hatazamwi Usoni

Nayaandika haya nikiwa mahali ambapo sitapataja, mlango nimeufunga kwa komeo mchana kweupe. Kwa hiyo mtu asiniulize niko wapi. Nitasema yaliyotokea tu.

Mume wangu alihukumiwa kunyongwa hadi kufa kwa kosa la kumuua baba yangu. Shahidi aliyesema amemwona alikuwa mmoja, na shahidi huyo ni mama yangu mzazi. Nikiwaambia watu hivyo wanashika mdomo, halafu wanauliza, ulikuwa upande gani? Upande gani! Kwani ni mpira? Baba alikuwa wangu, mama wangu, mume wangu. Mimi ni binti pekee, sikuwa na dada wa kugawana naye huo mzigo.

Kwetu ni vijijini, ng'ambo ya Hombolo, kwenye mizabibu. Baba alimpa mume wangu kipande cha shamba akilime, na kwa miaka kadhaa wakaenda vizuri. Halafu baba akabadilika, akasema mavuno yakiisha mkwe aondoke, kipande kirudi. Mume wangu si mtu wa kupayuka. Mimi ndiye mwenye ulimi usio na breki. Yeye akikasirika ananyamaza, anaweza kunyamaza wiki nzima na bado akakukaribisha chakula kwa upole. Alinyamaza kipindi chote kile cha mavuno.

Siku yenyewe mimi nilikuwa mjini Dodoma, nimeinama kwenye cherehani nikishona sare za shule. Nikapigiwa simu. Baba amekatwa shoka mlangoni kwa zizi, jua ndilo linazama, ng'ombe hata hawajamaliza kuingia. Mama alisikia kishindo, akatoka mlangoni. Mtu akapita mbele yake, karibu kabisa, akakimbilia kwenye mizabibu. Majirani walipofika walimkuta mama amekaa chini anarudia neno moja, wameniulia mume wangu, wameniulia mume wangu. Nani? Hakujibu.

Mume wangu alifika asubuhi yake. Alisema alikuwa kijiji cha Zuzu na mwenzake wanachoma matofali, na kweli nguo zake zilikuwa na majivu. Alilia. Alishika sepeto akachimba kaburi la baba pamoja na vijana wengine, na mchanga wa mwisho aliusawazisha yeye kwa mikono yake. Nilimtazama nikasema moyoni, Mungu amenipa mume.

Polisi walimkamata siku tunaanua matanga. Watu bado wana sahani mkononi. Mama alikuwa amekwenda kituoni na baba mdogo bila kuniambia, akasema, niliyemwona ni mume wa binti yangu.

Sasa hapa lazima nieleze, maana asiye wa kwetu hataelewa, na ndicho kilichotufikisha hapa. Kwetu Ugogoni, angalau kwa wazee wa umri wa mama, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani. Tangu siku ya posa. Mkwe akija, anabisha hodi mbali, anasalimia kwa nyuma ya ukuta. Mama naye anaitikia marahaba akiwa ameinamisha kichwa, kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Jina halitajwi. Chakula anapelekewa na mtu mwingine. Siku hizi wapo wanaopiga picha na mama wakwe zao wamekumbatiana, mimi sina neno, lakini mama yangu hayumo katika hao. Muulize mkwe wake ana ndevu au hana, hajui.

Mahakamani kesi ilisikilizwa na jaji asiye wa kwetu, mzee mpole, anayeandika taratibu. Wakamwuliza mama, ulimtambuaje? Akasema, kwa sura. Unamfahamu tangu lini? Tangu alipomwoa binti yangu. Wakamwambia, hebu tuonyeshe kama yumo humu ndani. Mama akafanya lile lile alilolifanya miaka yote. Akavuta kanga kichwani, akageuka akampa mume wangu mgongo, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama. Wakili wa utetezi akamwambia amtazame. Akasema, mkwe hatazamwi.

Jaji akaandika. Baadaye kwenye hukumu tukasikia alichokiandika: kwamba shahidi alikuwa na hofu kubwa kiasi cha kushindwa hata kumtazama muuaji wa mume wake, na hofu ile ilionyesha kwamba anasema kweli. Hofu! Chumba kizima kilijaa watu wa kwetu, kila mmoja akijua kwamba ile ni heshima, na hakuna aliyefungua kinywa. Ungeanzaje kusimama mbele ya watu uzungumzie mama wa mwenzio anavyomwonea haya mkwe wake? Hata mimi, na mdomo wangu huu, nilimeza mate. Kisha nikasikia neno kunyongwa.

Baada ya hapo maisha yangu yalikuwa cherehani na gereza. Nilikuwa nakwenda kumwona, tunazungumza kwa haraka askari amesimama pembeni. Kila mara aliniuliza habari za watoto, halafu ananiuliza, mama hajambo? Kila mara. Nilidhani ni uungwana.

Wakili wa rufaa alikuwa amepangwa na serikali, dada mmoja wa kaskazini, mdogo kwangu, mcheshi. Alinipigia simu niende ofisini kwake. Akaniambia, dada yangu, nina shida. Sheria inasema ukimtambua mtu unayemfahamu tayari, ushahidi wako una nguvu kuliko wa aliyeona mgeni. Na mama anamfahamu mume wako. Nikamwambia, mama hajawahi kumwona mume wangu usoni. Akacheka, akadhani natania. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Akaacha kucheka, akavua miwani.

"Kwetu mama mkwe anakuja kufunua masufuria kuona umepika nini," akasema. "Nyie mnaishije?"

"Tunaishi hivyo hivyo."

"Basi ngoja," akasema. Alikuwa ameshaanza kutafuta lile jibu la mama, mkwe hatazamwi, ambalo lilikuwepo kwenye kumbukumbu za kesi muda wote, na hakuna aliyelijali.

Sikulala vizuri tangu siku ile. Nilikuwa nimemsaidia mume wangu, sawa, lakini nilikuwa nimemvua mama yangu nguo mbele ya serikali. Nilimpelekea unga na sukari, akapokea, akaweka chini. Sikumwona akiupika ule unga. Nikimsemesha ananijibu kama mgeni. Wala hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Rufaa iliposikilizwa walikaa majaji watatu. Mimi nilikaa mbele, mama akakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Dada wakili alisimama akaongea kwa muda mfupi kuliko nilivyotegemea. Akasema jua lilikuwa linazama na mwanga ulikuwa hafifu. Akasema shahidi hakumtaja mtu kwa majirani waliofika kwanza, akamtaja baada ya mazishi. Akasema, waheshimiwa, shahidi huyu anasema alitambua sura, na ni yeye mwenyewe aliyeiambia mahakama kwamba sura hiyo, kwa mila yake, haruhusiwi kuitazama.

Jaji wa katikati akamgeukia wakili wa serikali. "Unasemaje? Alitambuaje sura ambayo hajawahi kuitazama?"

Wakili wa serikali akafungua makabrasha, akafunga, akanywa maji. Nilimwonea huruma, kusema kweli.

Hukumu ilisomwa kabla kikao chao hakijamalizika. Utambuzi una mashaka, mashaka yanamfaidisha mshtakiwa, rufaa imekubaliwa, aachiwe huru mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Shemeji zangu walipiga vigelegele mpaka askari akawanyamazisha. Mimi nililia kwa sauti, kamasi, kila kitu, sikuona haya. Walimpeleka kwanza kwa karani amalizie kuweka sahihi, nikatoka nje kupata hewa.

Mama alikuwa amesimama peke yake pembeni mwa jengo, upepo unamrushia vumbi na yeye hajifuniki. Nikamwendea. Nilijua lazima nimwendee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamesema kweli. Sura sikuiona."

Nikajikuta nimekasirika hapo hapo, hasira ya miaka yote ile. "Kumbe! Sasa mama, kwa nini ulisema uliiona? Unajua walitaka kumnyonga mtu?"

"Polisi waliniuliza, ulimwona? Nikasema nilimwona. Wakasema, sura? Nikasema ndiyo, sura. Wangeandika kitu gani kingine?"

"Sasa ulijuaje kwamba ni yeye?"

Alitazama chini. Mama yangu si msemaji, na maneno aliyosema pale ni mengi kuliko aliyowahi kuniambia siku yoyote.

"Nilisikia kishindo na baba yako akiguna, nikatoka mlangoni. Mtu akageuka. Macho yangu yakashuka yenyewe, mwanangu. Mkono ukavuta kanga kichwani. Sikuwa nimejua bado ni nani. Sikuwa nimejua baba yako amekufa. Mwili ulikuwa umeshajua. Nimeishi na watu wengi, nimekutana na wanaume wa kila namna. Ni mmoja tu duniani ambaye mwili wangu unamfanyia vile."

"Kwa nini hukuwaambia hivyo mahakamani?"

"Niwaambie nini?" Hapo ndipo sauti ilimkatika. "Kwamba mume wangu amelala kwenye damu na mimi nimesimama pale namwinamia kwa heshima aliyemkata?"

Nilikuwa nimempa mgongo mlango wa pembeni wa mahakama, na yeye ndiye aliyekuwa ameuelekea, ameinama, anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Ghafla mkono wake ukapanda. Kanga ikafunika kichwa mpaka kwenye paji la uso, kidevu kikashuka kifuani. Hakuwa ameinua macho. Sikuwa nimesikia hatua yoyote nyuma yangu, ni upepo tu.

Nikageuka. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye ule mlango na mfuko wake wa nguo.

Nilimwendea nikamkumbatia, maana watu walikuwa wanatazama, na maana nilikuwa nimemsubiri mtu huyu miaka. Alikuwa amekonda, mabega yalikuwa mifupa. Nilimshika na sikujua nimeshika nini. Nilipogeuka tena mama alikuwa ameshaondoka.

Nyumbani kulikuwa na sherehe. Majirani walioacha kunisalimia walikuja na kuku. Mume wangu alikuwa mpole, anawabeba watoto, anatengeneza mlango uliolegea, anakula na kushukuru. Nilikuwa namtazama anapokula. Mimi ndiye niliyeruhusiwa kuitazama ile sura, nimeitazama tangu ujana wangu, na sikuona kitu chochote ndani yake. Ilikuwa sura ya mume wangu. Nilijiambia, mama ni mtu mzima, uchungu umemchanganya. Halafu usiku, akigeuka tu kitandani, mimi macho.

Nilijaribu mara moja. Nilimwuliza yule mwenzake wa matofali yuko wapi siku hizi, tungemtafuta tumshukuru. Akanyamaza. Akanikaribisha uji.

Siku chache baadaye alikuwa amekaa uani, asubuhi, anakata kucha. Akauliza bila kuinua kichwa, "Mama alikuambia nini siku ile pale nje?"

"Ametupongeza."

"Ahaa." Akaendelea na kucha. "Mzee wa watu, hana kosa. Jumapili nataka niende kumsalimia."

"Tutakwenda wote," nikasema.

"Hapana, mama watoto, wewe una kazi za watu. Nitakwenda mwenyewe." Akapuliza vumbi la kucha kwenye wembe. "Yale mambo ya kufunikana kanga yaishe sasa. Safari hii nataka anitazame."

Alisema kwa upole tu. Kesho akishtakiwa kwa maneno hayo hakuna mahakama itakayomkuta na hatia, na mimi mwenyewe ningesimama kumtetea. Akachukua ndoo na taulo, akaenda kuoga kule kwenye bafu la mabati nyuma ya nyumba.

Nikangoja nisikie kopo linagonga ndoo, anaanza kujimwagia. Nikaingia chumbani, nikampigia mama simu. Mara ya kwanza namba nilikosea. Alipopokea sikusalimia. Nikamwambia, mama, fungasha, ondoka hapo leo, nenda kwa baba mdogo, usilale hapo hata usiku mmoja.

Hakuuliza kwa nini. Nikamsikia anapumua.

"Na wewe, mwanangu?" akasema.

Huko nje kopo halikusikika tena kwenye ndoo. Nikakata simu.