Fundi Asiyetaka Kupimwa Macho

Mwanzoni nilidhani ni maringo ya ufundi tu. Mume wangu akishakereza chuma, badala ya kuchukua kipimo anakipitishia kidole gumba huku uso ameuelekeza mlangoni, kisha anasema, "Bado kidogo." Anarudisha kisu cha mashine, anakwangua kidogo tu, anapapasa tena. Nikasema moyoni, mtu aliyezeekea kwenye vyuma ana haki ya kuringa.

Halafu akaanza kuniita.

"Mama Pacha, hebu njoo usome hapa, nione kama hujasahau."

Ndivyo anavyoniita tangu tulipojaliwa mapacha wetu, ambao siku hizi wako bweni. Naenda, nasoma kipimo, anaitikia kwa kichwa kama mwalimu, anaendelea na kazi. Mara ya kwanza nilifurahi. Ilipokuwa kila siku, kwa kila kipimo, furaha ikaniisha.

Mashine yetu ya kukerezea vyuma ni ya zamani. Aliinunua kwenye karakana moja kule Geita alikokuwa ameajiriwa, wenyewe walipofunga kazi. Tuliijengea banda la mabati uani kwetu, hapa Nyasubi, Kahama, ubavuni mwa jiko langu. Wakati huo nilikuwa nashona nguo barazani. Alikuwa akinihitaji nimshikie ncha ya chuma kirefu, au nimwagie maji ya sabuni pale kisu kinapopata moto. Nikashika, nikamwagia, na mkono uliozoea kufuata mstari kwenye kitambaa haukuona shida kuufuata kwenye chuma. Akanifundisha kazi yote. Akanifundisha na kuogopa.

"Mashine hii haina adabu," alikuwa akiniambia. "Mikono mirefu ya gauni, kanga inayoning'inia, nywele, pete, vyote inavila. Na umeme ukikatika, swichi kwanza. Hata nyumba ikiwa inaungua, swichi kwanza."

Alisema hivyo kwa sababu mashine yenyewe ni ya kizamani. Umeme ukirudi na swichi haikuzimwa, inaanza kuzunguka palepale, haimuulizi mtu.

Basi siku moja tukila mchana nikamuuliza, "Baba Pacha, macho yako vipi?"

"Yana nini?"

"Nakuuliza wewe mwenye nayo."

"Vumbi hilo. Kahama nzima ni vumbi." Akanawa mikono kabla hajamaliza ugali, akatoka.

Baada ya siku hiyo nyumba ilibadilika. Nikiingia bandani ananyamaza. Nikimtazama anageuka. Kuna fundi pikipiki alirudisha bushi, kile kipete cha chuma, tuliyomkerezea, akiitikisa ndani ya tundu lake mbele yetu, inacheza kama jino bovu. Mume wangu akamwambia kisu kilikuwa butu. Kisu kile nilikinoa mimi asubuhi ileile, na yeye alijua. Hakunitazama. Mteja alipoondoka nikamwambia twende hospitali, tukapime tu. Akanijibu kwamba nikitaka kwenda niende, yeye haumwi.

Nikaanza kupima kazi zake kwa siri. Akienda kununua vocha au kupokea mgeni barazani, nachukua kipimo haraka, napima, narudisha mahali pake, kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Zilizokosewa nilizirekebisha. Sijui kama aligundua. Nadhani aligundua.

Kisha akaja msimamizi wa karasha.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshachoma mabati. Pikapu ikasimama nje, akashuka mtu mnene mwenye tope jekundu mpaka magotini, katoka machimboni upande wa Geita.

"Mwangaluka," akasema.

"Mwangaluka, karibu," tukamjibu.

Karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ilikuwa imekatika shafti, mhimili wake unaozunguka, pale unapoingia kwenye beringi. Alikuja na kile kipande kilichokatika, chuma kipya kinene, na beringi yenyewe ndani ya karatasi yake.

"Watu wamepanga mifuko ya mawe mpaka barabarani," akasema. "Na wanaotukanwa sio matajiri, ni mimi. Fundi, nataka niondoke nacho leo."

Kazi ya beringi haina msamaha. Ukikata pungufu, haiingii. Ukizidisha, inacheza, na chuma chote kimeharibika, kwa sababu kilichokatwa hakirudi. Nikamwambia mume wangu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama jambo dogo, "Hii niachie mimi, wewe malizia ile puli."

"Wewe kachemshe chai," akasema.

Hakuwa amewahi kunituma chai mbele ya mteja. Sikwenda. Nilisimama kando ya mlango nikifuta vifaa ambavyo vilikuwa safi.

Alikibana chuma kwenye kichwa cha mashine, kile chenye taya tatu zinazokazwa kwa ufunguo mzito wenye mpini wa kupita, akawasha. Nyuzi za chuma zikaanza kujikunja na kuanguka, za bluu kwa moto. Mikono yake ilikuwa bado na kazi yake, hilo sikatai. Lakini kila alipozima ili apime, niliacha kufuta, nikatazama vidole vyake. Msimamizi naye alikuwa amesogea, simu sikioni, anamhakikishia mtu kwamba kazi inakwisha sasa hivi.

"Fundi, mbona unapapasa?" akauliza. "Pima bwana."

Mume wangu akachukua kipimo, akakibana kwenye chuma, akakiinua kuelekea mwanga. "Bado kidogo," akasema. Kutoka nilipokuwa nimesimama niliona amekishika kichwa chini.

Akawasha tena. Kisu hakijagusa chuma, umeme ukakatika. Mashine ikaendelea kuzunguka kwa nguvu zilizobaki, ikapungua, ikasimama. Muziki wa saluni ya jirani ukazimika pia. Mume wangu akanyoosha mkono ukutani kama kawaida yake, nikasikia swichi ikilia ta. Lakini ukutani kwetu kuna swichi mbili zinazokaribiana, ya mashine na ya taa. Nilipotazama, ya mashine ilikuwa vilevile. Alikuwa amezima taa.

Msimamizi akaanza kulalamika. Kuna fundi mwingine mjini ana jenereta, akasema, bora akitoe chuma chake akipeleke huko.

"Hakuna wa kutoa chuma mikononi mwangu kikiwa nusu," mume wangu akasema, na sauti yake nikaijua, amechomwa. Akachukua ule ufunguo, akauchomeka kwenye kichwa cha mashine akaze taya upya. Akainama kutazama kama chuma kimekaa katikati. Kwa kuwa haoni, aliinama mno, uso wake karibu uguse taya.

"Baba Pacha," nikasema polepole, "swichi."

"Nimezima."

"Hiyo ni ya taa."

"Nimesema nimezima!"

Hakugeuka. Mkono mmoja ulikuwa umeuacha ufunguo umechomekwa, anapapasa chuma. Msimamizi alikuwa amesimama kati yangu na ukuta, miguu kaipanua, simu imerudi sikioni. Nikamsukuma kwa bega. Akashangaa, akanizuia kwa kiwiko, akadhani nimekasirika naye.

Hapo nikapiga kelele, "Toka hapo! Toka!"

Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumpigia kelele mbele ya mtu. Akainua kichwa kwa hasira, akarudi nyuma hatua moja anijibu, na umeme ukarudi.

Sikuona ufunguo ukiruka. Nilisikia mlio mmoja mkali wa chuma kwa chuma, kisha bati likalia nyuma yetu, na mashine inaunguruma kama kwamba hakuna lililotokea. Nilifika kwenye swichi, nikaipiga kwa kiganja chote. Mashine ikatulia. Muziki wa saluni ulikuwa umesharudi, mwimbaji anaendelea na mapenzi yake.

Msimamizi alikuwa amechuchumaa nyuma ya pipa la oili. Mume wangu amesimama, mkono mmoja ameushika kwa mwingine, mchubuko mrefu juu ya kifundo ukianza kutoa damu. Kwenye bati, usawa wa kichwa cha mtu, kulikuwa na tundu, na mwanga wa jikoni kwangu ukipenya. Akatembea mpaka pale. Akaugusa ukingo wa tundu kwa vidole.

"Umesema nilizima taa?" akaniuliza.

"Ndiyo."

Akarudi ukutani, akazipapasa zile swichi mbili. Msimamizi akainuka, akajikung'uta, akasema yeye anachukua chuma chake anaondoka.

"Subiri," mume wangu akamwambia. "Mke wangu atamalizia."

"Huyu mama?"

"Huyu. Mimi sioni." Akasema hivyo kwa mtu baki, mbele yangu, neno alilokuwa amelikataa kwa mwaka mzima. "Naona ukungu tu. Wewe mwenyewe nakuona kama gunia lililosimama. Kwa heshima yako, subiri."

Nikamfunga jeraha kwa kitambaa. Nikavua kanga, nikatafuta ufunguo, nao ulikuwa umelala kwenye majivu jikoni. Nikachukua kipimo, nikaegemeza viwiko kwenye mashine. Nikasoma. Nikasoma tena, maana sikuamini. Chuma kilikuwa kimebakiza unywele tu. Kisu kilichowekwa tayari kingeingia mara moja tu, beringi ingevaa kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto.

Nikakirudisha kisu nyuma, nikaanza upya kidogokidogo. Msimamizi alikuwa akihema nyuma yangu, na mume wangu amekaa juu ya kreti ameinamisha kichwa, anasikiliza. Mara moja tu alisema, "Punguza mwendo, kinalia," nami nikapunguza, kweli kilikuwa kinalia. Mwisho nilimalizia kwa msasa. Tukaipaka oili, nikaiweka beringi mdomoni mwa shafti, nikaigonga na kipande cha mti. Ikaingia kwa kubana, taratibu, mpaka mwisho, ikatulia.

Msimamizi akaizungusha kwa mkono. Akaizungusha tena. "Asante, mama," akasema, akaibeba shafti begani akaondoka.

Pikapu ilipopotea nilikaa chini palepale kwenye nyuzi za chuma nikalia, na hasira ndiyo iliyokuwa inalia zaidi ya woga.

"Ungekufa," nikamwambia. "Ungekufa mbele yangu kwa sababu ya kiburi."

"Sio kiburi. Baba yangu alianza hivihivi. Ukungu. Kule kwetu Kishapu wakampeleka kwa mganga, akamtia dawa machoni, baada ya hapo giza kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa namwongoza kwa fimbo kwenda lamboni, yeye nyuma, mimi mbele, na ng'ombe. Watoto wenzangu wakitucheka. Aliyekuwa na ng'ombe wake na sauti yake, akawa mtu wa kuulizwa kama ameshiba. Nikajiambia, nisiposema, labda giza halitanifikia."

Nilimwambia tu kwamba kesho tunakwenda hospitali, na safari hii hakubisha.

Tulikwenda Shinyanga. Daktari, dada mdogo tu, alimmulika kwa muda mrefu, akatueleza kwamba macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na hilo linatolewa. Lakini jicho la kushoto lina presha pia, imeshakula mshipa wa kuonea, na kilichopotea huko hakirudi.

"Mngekuja mapema," akasema.

Mume wangu akajibu, "Ni kweli." Mimi nikatazama sakafu.

Walianza na jicho la kulia. Usiombe kusubiri nje ya chumba cha upasuaji. Niliona watu wakitoka na vifuniko machoni wakiongozwa na ndugu zao, na kila aliyepita nilimwona baba mkwe wangu ambaye sikuwahi kukutana naye. Mume wangu alipotoka aliuliza kwanza kama nimekula. Kesho yake nesi akaondoa kifuniko cha jicho la kulia. Akapepesa, machozi yakatoka, akatazama dirisha. "Kuna mtu anaanika shuka pale," akasema. "La maua." Lilikuwa mbali, kwenye kamba nyuma ya wodi ya pili. Nilimshika mkono nikashindwa kuuachia.

Jicho la kushoto lilifanyiwa baadaye, na likabaki kama alivyosema daktari, linaona mwanga tu. Kwa hiyo kazi tumegawana. Yeye hukereza zile kubwa za mwanzo, mimi namalizia zinazotaka kipimo. Wateja wengine bado wakinikuta peke yangu huuliza fundi yuko wapi. Naumia kidogo, sio sana. Yeye ndiye anayeumia zaidi. Siku nyingine hukaa barazani asubuhi nzima bila kuingia bandani, nami simfuati.

Lakini siku ile ya kwanza aliporudi kutoka hospitali hakukaa hata kunywa maji. Aliingia bandani na miwani yake myeusi, akaivua, akainama kwenye reli za mashine, zile njia ambazo kisu hupitia. Mvua zilikuwa zimenyesha wiki nzima na mimi nilikuwa naye wodini.

"Mama Pacha!" akaita kwa ukali. "Hii kutu ni ya lini?"

Nikasimama mlangoni na begi la nguo bado mkononi. Alikuwa tayari ameshika tambara na kopo la oili, anasugua, anagombana na mimi na mvua na mabati yanayovuja, na aligombana mpaka jioni.