Kitabu Chembamba cha Bi Saadiya

Bi Saadiya aliuza vitabu vya mtumba Mtaa wa Msimbazi, na mimi nilikuwa na meza ya kalamu kando yake, kwa hiyo ubishi wake naujua. Hakukuuzia kitabu cha kujifunzia mpaka kwanza umweleze Evarista, muuza vitumbua wa jirani, ukurasa wa mwanzo kwa Kiswahili. Evarista alikuwa na cheti cha kisomo cha watu wazima, na hakuona haya kuuliza. Asipouliza kitu, basi hujaeleweka, na kitabu kinarudi mezani.

Mwaka wa themanini na nne akaja Anselmi, karani wa shirika moja la umma. Ofisi yao ilikuwa imeletewa kompyuta, naye alikuwa amemdanganya meneja kwamba anaijua. Jumatatu angepimwa. Akishindwa, anahamishiwa bohari ya Mpanda, amwache mkewe Celina, binti yao Agnesi na duka lao la vitenge Kariakoo. Alikuwa anatoka jasho kweli.

Bi Saadiya alikuwa na vitabu vitatu vya mfumo unaoendesha kompyuta, vilivyoachwa na mtaalamu aliyerudi kwao Ulaya. Anselmi akakimbilia kile kinene. Akaeleza, akaeleza, Evarista akaendelea kugeuza vitumbua. Cha pili kikamletea usingizi. Cha tatu kilikuwa chembamba, kimejaa picha, na hapo Evarista akataka kujua mashine inakumbukaje jina la faili, na ukilifuta kwa bahati mbaya unafanyaje. Siku tatu alimbana Anselmi kwa maswali, vitumbua vikaungua, Anselmi akaiva.

Lakini zile picha zilimtia aibu. Karani mzima na kitabu cha watoto? Akanunua na kile kinene, akiapa kwamba si cha kujifunzia, ni cha kubeba kwapani tu.

"Mwanangu, kitabu hakivaliwi," Bi Saadiya alimwambia. Hakusikia.

Jumatatu alifaulu bila kosa hata moja. Meneja akakitazama kile kinene, akauliza kama amekisoma chote. Anselmi akaitikia kuwa ndiyo. Basi, akasema meneja, mtaalamu wa kiasi hicho ni hasara kumweka Dar. Mpanda nako kunapelekwa kompyuta, na kule hakuna anayejua hata pa kuiwashia. Aondoke na treni ya Ijumaa.

Nilikasirika kama vile nimehamishwa mimi. Tulipokwenda kwao Magomeni kumuaga, Celina hakulia. Alikuwa anafunga sanduku la mumewe, akakisukuma kile kinene mpaka kikaingia.

"Baba Agnesi," akasema, "hiki kitunze sana. Ndicho kitakachokupikia."