Marashi ya Mama Yao Niliyaua Mimi

Nimekosa. Sijitetei, maana kujitetea kwenyewe kumeshanichosha.

Nilikuwa nafanya kazi katika chumba cha kumbukumbu hapa Malindi. Tulitunza harufu za kale: marashi, tibu, udi, vitu walivyochanganya bibi zetu. Zilizokaribia kupotea tulijaribu kuzitengeneza upya.

Bi Rukia wa Mambrui alituletea kichupa cha marashi cha marehemu mamake, aliyekuwa akiwapamba maharusi. Ndani mlibaki utando mkavu tu. Lakini ukikizibua, jamani! Maua ya mkadi, moshi wa udi, na kitu kingine kitamu nisichokijua jina.

"Mwanangu, nitengenezee kama haya," aliniambia. "Mjukuu wangu anaolewa. Nataka anukie kama alivyonukia mama."

Desturi yetu ilikuwa kuchukua chembe kidogo, nyingine ibaki. Mimi nikafanya pupa. Nikakijaza kichupa kizima spiriti ya kusafishia, eti utando uyeyuke upesi. Nikanusa: hospitali! Hospitali tupu. Nikangoja harufu ile ipite. Ikapita, na kila kitu kikapita nayo.

Ilinipasa niseme siku ile ile. Niliona haya, tena niliogopea kazi yangu.

Nikaenda sokoni, nikanunua mafuta ya halud, mkadi na sandali, nikachanganya kwa kubahatisha. Nikampelekea Bi Rukia. Alipaka kiganjani, akanusa, machozi yakamtoka.

"Ndiyo yenyewe! Mama huyu!"

Akanishika mikono akaniombea dua. Nami nikaitikia amina. Ole wangu!

Siku ya arusi alikuja mdogo wake, Bi Zuhura, kutoka Kilifi. Alipomkumbatia biarusi tu, akageuka. "Dada, haya siyo ya mama."

"Utayajuaje? Mama umemsahau, hata kumuuguza hukumuuguza!" Bi Rukia akamjibu mbele za watu.

Nilikuwa papo hapo, nimeshika sahani ya halwa. Neno langu moja lingetosha. Sikulitoa. Bi Zuhura akachukua buibui lake akaondoka, na tangu hapo hawakusemezana.

Mimi nikawa fundi! Maharusi wa Mambrui wakawa wananiagiza "marashi ya mamake Bi Rukia", nami nawachanganyia uongo ule ule. Kila nikisifiwa, nachoka zaidi. Mwishowe nikashindwa, nikaenda kwake.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Nikamweleza yote. Hakunifokea. Laiti angenifokea!

"Kumbe Zuhura alisema kweli," akasema. Akafumba macho. "Namtafuta mama hapa kichwani, naisikia harufu hiyo yako tu. Ile ya kwake siipati tena."

Alikwenda Kilifi kumtaka radhi mdogo wake. Wamepatana, alhamdulillahi. Lakini hata Bi Zuhura anajua tu kwamba siyo haya. Yenyewe yalivyokuwa hawezi kuyaeleza. Kazi nimeiacha mwenyewe, kabla sijaambiwa.

Wenzangu mnaowekewa amana za watu, kitu kikiwaharibikia mkononi, semeni kimeharibika. Mwenyewe ataumia, huenda akawatukana, lakini atabaki na kumbukumbu yake. Mimi Bi Rukia nilimpokonya hata hiyo, naye akaniombea dua.