Mtani Aliyekuja Kuzika Mguu

Nyumbani kwetu Msamala hakuna aliyethubutu kuutaja ule mguu. Mume wangu alianguka kutoka juu ya paa tulipokuwa tunaezeka bati, akavunjika mguu wa kushoto, na plasta ilipokatwa ukatoka mwembamba kama mwiko. Wageni walikuja, wakasema pole, wakazungumzia mvua. Mimi nami nilizungumzia mvua.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu ameachiwa afanye biashara. Mahindi hayakungoja tena lori la ushirika. Mwenye gari alikwenda mwenyewe Lusewa, akapakia, akauza. Sisi tulikuwa na pikapu kuukuu iliyotoka Japani, na kabla ya kuanguka mume wangu alikuwa ameitia klachi ngumu ya kuvutia mzigo. Alijisifu kwamba hapa mjini hakuna mwingine wa kuikanyaga. Sasa ilimshinda. Akikanyaga, goti linatetemeka, pedali inaishia katikati, gia zinalia. Tajiri mmoja wa Njombe alikwisha kuja kuitazama, akaambiwa arudi Jumamosi kuichukua. Tangu hapo mume wangu hakula vizuri. Mtu aliyeishi kwa usukani akiuuza, anabaki na nini? Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani, paa au Mungu.

Alhamisi akaja fundi Mhehe mwenye gereji jirani. Sisi Wangoni na Wahehe ni watani tangu babu zetu walipopigana, na mtani hana adabu, ndiyo kazi yake. Hata kiti hakungoja. Aliutazama mguu, akapiga magoti mbele yake, akaangua kilio cha msibani.

"Jamani, mguu mzuri umekufa! Nimekuja kuzika. Leteni jogoo wa mazishi! Na huyu mke namrithi mimi."

Nilijiziba mdomo. Kisha nikasikia mume wangu anacheka, kicheko cha tumboni, mpaka machozi yakamtoka.

"We Mhehe, babu zangu walikosea kuwaacha hai," akasema. "Mguu haujafa. Klachi ndiyo nzito."

"Ahaa! Basi kumbe mgonjwa ni klachi," fundi akasema, na sauti ya msiba ikamwisha. "Hiyo tunaitibu."

Akatueleza. Ukikanyaga pedali, silinda ya juu inasukuma mafuta ya breki, mafuta yanapita kwenye bomba la mpira mpaka silinda ya chini, nayo inaiachia klachi. Akifunga silinda ya juu nyembamba zaidi, pedali itakwenda mbali kidogo, lakini itakuwa nyepesi. Nikamwambia haiwezekani, kitu chembamba kiweze kazi iliyokishinda kinene?

"Mke wangu," fundi akanitania, "mtungi mkubwa si unaujaza kwa kata ndogo? Unachota mara nyingi, basi. Mkono hauumii."

Ijumaa akaifunga. Mume wangu akaishusha pedali mpaka chini, uso ukamfunguka. Akaingiza gia. Zikalia vilevile. Wakatoa upepo kwenye mafuta, wakarudia tena, zikalia. Mume wangu akazima gari, na mimi nikaiona Jumamosi inakuja.

Fundi akaniita chini ya gari. Nikajifunga khanga vizuri, nikalala chali kwenye vumbi kando yake.

"Shika huu mpira. Ubane kwa kiganja," akasema. Kisha akapaza sauti, "Kanyaga!"

Mpira ukavimba mkononi mwangu. Mume wangu akaachia, ukanywea. Akakanyaga, ukavimba tena. Niliduwaa. Mguu ule aliokuwa akiuficha usiku chini ya blanketi, ambao sikuwahi kuugusa tangu plasta itolewe, nilikuwa nimeushika. Nguvu zake zilikuwa pale, zinanisukuma vidole, na zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Nilimshangaa Mungu, nikayashangaa mafuta, nikamshangaa huyo binadamu wa kwanza aliyewaza kuupitisha unyayo wa mtu ndani ya bomba.

"Unavimba," nikasema. "Mguu wake uko huku."

"Ndipo unapopotelea. Mpira umechoka, unameza nguvu, chini hazifiki."

Akautoa. Akapinda bomba la shaba mahali pake, akabakiza kipande kifupi cha mpira mpya huko chini, injini ipate kutikisika. Mume wangu akakanyaga, akaingiza gia. Hatukusikia kitu. Akaingiza nyingine. Kimya. Niliketi palepale kwenye vumbi nikalia, na fundi akasema anayelia sana ndiye anayechinja jogoo.

Tajiri wa Njombe alipobisha hodi Jumamosi, mume wangu alimkaribisha chai, akamwambia gari haliuzwi. Kisha tukaondoka kwenda Lusewa. Kwenye mlima wa kwanza nikaweka kiganja juu ya paja lake la kushoto. Hakuniondoa. Akakanyaga, na nikausikia msuli ukivimba chini ya kiganja changu.

Tulirudi jioni na mahindi. Mguu uliokufa ukashuka garini wenyewe, ukampelekea fundi jogoo wake.